Neema na aibu

Mwaloni Kibirizi, pembezoni mwa mji wa Kigoma, ukisikia “leo kuna neema” usidhani ni mahubiri: dagaa wamejaa. Neno hili la Kiarabu lina maana ya baraka na riziki. Kanisani likawa jina la wema wa Mungu kwa asiyestahili.

Aibu nayo ni ya Kiarabu, na mzizi wake ni kasoro, dosari ya kitu. Kisha ikahama, ikatua usoni mwa mtu. Ndiyo maana kuna Mkristo anayekwepa ibada mpaka “ajirekebishe kwanza”, kana kwamba anakwenda kukaguliwa. (Nami nimo. Nilikosea kusoma somo mbele ya watu, nikajificha nyumbani wiki tatu.)

Wavuvi wa Ziwa Tanganyika mbalamwezi ikiwaka hupumzika, kwa kuwa taa zao hazivuti dagaa vizuri. Huingia ziwani giza likiwa totoro, na neema hupatikana humo. Mtume Paulo, katika barua yake ya pili kwa Wakorintho, naye anaiweka neema kwenye udhaifu.

Nimezipima maana zote mbili, ya mwaloni na ya kanisani. Hakuna inayodai ukamilifu.