Unywele Mwembamba wa Lancaster

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Victor McKusick, daktari wa Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, alianza kupiga hodi kwenye nyumba za Waamishi wa Lancaster, jimboni Pennsylvania. Watu hawa husafiri kwa magari ya farasi, huoana wao kwa wao, na hutunza vitabu vya nasaba vinavyofika hadi kwa mababu waliotoka Ulaya katika karne ya 18. Kwa mtafiti wa magonjwa ya kurithi, hiyo ilikuwa hazina.

Aliwatafuta watu wafupi mno, akawapata, ila si wa aina moja. Baadhi walizaliwa na kidole cha sita, ugonjwa uliokwisha kujulikana. Wengine walikuwa na vidole vitano vifupi, vilivyolegea kwenye viungo. Viwiko vyao havikunyooka sawasawa, na nywele zilikuwa chache, laini, zenye rangi hafifu kuliko za ndugu zao. Unywele mmoja ukiwekwa chini ya darubini ulionekana mwembamba, mara nyingi hauna kiini cha rangi katikati. Mwaka 1965 McKusick na wenzake waliutangaza ugonjwa huo, wakaupa jina linalotaja gegedu na nywele.

Jina lilitaja kile tu ambacho macho yaliona. Hatari kubwa ilijificha kwenye damu. Tetekuwanga, ambayo watoto wengi huugua wiki moja au mbili wakapona, iliwaangusha vibaya watoto hawa, na baadhi walikufa. Mwaka 1970 vipimo vilithibitisha kwamba chembe nyeupe za damu zaweza kuwa pungufu na kinga ya mwili dhaifu. Laiti jina lingeitaja kinga tangu mwanzo! Mzazi anayeambiwa habari za mifupa na nywele ataogopaje vipele?

Ugonjwa huu umeenea pia Finland, kwa mtoto mmoja katika kila 23,000 wanaozaliwa. Huko wanaume wazima wenye ugonjwa huu hufikia kimo cha wastani cha sentimita 131. Ni watafiti wa Finland waliouongoza msako uliofichua jeni yake mwaka 2001: RMRP, jeni isiyotengeneza protini yoyote. Baba na mama huweza kubeba kila mmoja nakala moja yenye kasoro bila dalili, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa ya mtoto mgonjwa.

Leo madaktari huchunguza kinga kabla ya kumpa mtoto kama huyo chanjo zenye virusi hai. Wachache wenye kinga dhaifu kabisa wamepandikizwa uboho wa mtu mwingine. Kinga yao imeimarika. Kimo chao kimebaki vilevile.