Springi za mbele: kutoka 109 hadi 110

Kwa nini Land Rover 109 inakurusha kwenye barabara za migombani Kilimanjaro, wakati 110 inabembea? Tangu 1948, Land Rover zilitumia springi za bapa: vyuma vilivyopangana, vinabeba uzito na kushika ekseli. Bapa likikatika, fundi wa Moshi hubadilisha hilo tu. Lililokatika mhunzi analigeuza panga.

Mwaka 1983, 110 ikaja na koili. Yenyewe inabeba uzito tu, ekseli inashikwa na vyuma vingine. Ikikatika haina kiraka: nunua mbili, za kushoto na kulia.

Unabadilisha nyumbani? Chasisi ikae kwenye stendi, jeki chini ya ekseli. Fungua shokapu, shusha ekseli taratibu mpaka koili ilegee. Koili iliyobanwa ina nishati. Ikichomoka, inavunja mkono.