Ukoo wa Paston

Ukoo wa Paston ulikuwa ukoo wa wamiliki ardhi wa Norfolk, mashariki mwa Uingereza, uliopewa jina la kijiji chao. Waraka wa mahasimu wao unamtaja Clement Paston (alifariki 1419) kuwa mkulima wa kawaida aliyekopa fedha ili amsomeshe mwanawe. Mwana huyo, William wa Kwanza (1378–1444), akawa jaji, akanunua mashamba, akamwoa Agnes Berry. Mwaka 1466 Mfalme Edward wa Nne aliwatambua rasmi akina Paston kuwa waungwana wa damu ya kale. Nasaba hiyo ya kale ina harufu ya kutungwa.

John wa Kwanza (1421–1466), mwana wa William, alidai urithi wa ngome ya Caister baada ya mmiliki wake, Sir John Fastolf, kufariki mwaka 1459. Mkewe, Margaret Mautby, ndiye aliyesimamia mashamba mume alipokuwa London kwenye kesi. Mwaka 1469 Duke wa Norfolk aliizingira na kuiteka ngome. Mwaka huohuo binti yao Margery aling'ang'ania ndoa ya siri na msimamizi wa mashamba, Richard Calle. Mama akamfungia mlango.

Wana wawili wakubwa wa John wa Kwanza na Margaret waliitwa John wote. Mkubwa alifariki 1479 bila kuoa, hivyo uzao ukaendelea kwa mdogo wake (alifariki 1504) na Margery Brews. Mzao wao Robert alipata cheo cha Earl wa Yarmouth mwaka 1679. Cheo kilikoma 1732, mwanawe William alipofariki akiwa na madeni na bila mrithi wa kiume. Barua nyingi za ukoo huo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza, London.