Ukarani Haujaanza Leo

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ya kwanza ilinunuliwa mwaka 1965 kwa ajili ya Wizara ya Fedha, na baadaye hesabu za serikali zilivurugika humo hata ikabidi kazi irudishwe kwenye mashine za kihasibu za zamani. Tangu hapo aliyetaka kuleta kompyuta alitakiwa aombe kibali na kueleza anaitakia nini. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi huku Umatengo, kwenye milima ya Mbinga, na marufuku ile haikunigusa kwa lolote. Mashine tulizozijua ni cherehani, mizani ya kahawa na mashine ya kusaga.

Sasa binti wa dada yangu, anayesoma kilimo mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, amerudi likizo na kutuambia anataka kuhama kozi. Anataka kusoma kompyuta, na kazi anayoilenga ni kutengeneza tovuti. Shemeji alipandwa na hasira: mtoto aliyesomeshwa kwa kahawa anaikimbia kahawa! Dada hakusema kitu. Mimi ndiye mjomba, na macho yote yakanigeukia.

Zamani Wamatengo walikuwa na sengu, desturi ya ndugu wa ukoo kula pamoja nyumbani kwa mzee na kuzungumza mambo yao papo hapo. Nikifuatilia historia ya nchi hii, kuanzia milima ya Mbinga hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, naona kikao kama chetu kimekaliwa na kila kizazi. Kilichobadilika ni jina la kazi mpya tu.

Hata kilimo ambacho shemeji anakitetea hakikutukuta kimekamilika. Katikati ya karne ya 19 Wangoni walifika kutoka kusini, na mashambulizi yao yakawasukuma wazee wetu juu milimani. Huko watu walibanana kwenye miteremko mikali, ambako mvua ya masika moja tu ingetosha kukomba udongo wa shamba zima. Katika dhiki hiyo ndipo kilimo cha ngoro kilipojengeka.

Kazi yenyewe huanza mwezi Machi, mvua zikielekea ukingoni. Mwanamume anafyeka nyasi kwa nyengo na kuziacha zinyauke. Kisha anazipanga kwa mistari inayokatana, hadi mteremko mzima umegawanyika miraba. Baada ya hapo jembe linashikwa na mwanamke. Anachimba katikati ya kila mraba, udongo anaurushia juu ya nyasi pande zote nne, anasia maharage juu ya matuta hayo, halafu anachimba tena na kuyafukia. Mvua ikinyesha, maji yanatuama mashimoni badala ya kuteremka na udongo, na nyasi zilizofukiwa zinaoza na kuwa mbolea. Msimu unaofuata mahindi yanapandwa kwenye matuta yaleyale. Aliyeanza kuchimba namna hii alikuwa anaacha kilimo alichofundishwa na baba yake, na sina shaka walikuwapo wazee waliomcheka.

Upande wa ziwani ubishi ulikuwa wa aina nyingine. Misheni ya Waanglikana ya UMCA, yenye makao yake kisiwani Likoma, ilileta meli ya mvuke iliyoitwa Chauncy Maples. Ilijengwa Glasgow mwaka 1899, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari, mto na vichwa vya wapagazi, na mwaka 1901 ikashushwa majini ikiwa imeunganishwa upya. Ndani yake mlikuwa na mahali pa ibada, pa kutibia wagonjwa na pa kufundishia walimu. Kwa wazee wetu wa pwani ya Nyasa kilikuwa chuo kinachoelea. Arkidikoni William Percival Johnson, aliyezunguka vijiji vya ziwa hili kwa zaidi ya miaka arobaini, alifia Liuli mwaka 1928 akazikwa hapohapo.

Babu mzaa mama yangu alikuwa mwalimu wa misheni upande huo wa Liuli. Kwa kijana wa pwani, kushika chaki maana yake ilikuwa kuacha makasia, na mshahara wa mwalimu wa kijijini ulikuwa mdogo kuliko pato la usiku mmoja mzuri wa kuvua usipa. Yeye hakuuza wavu wake. Alifundisha asubuhi, na mwezi ukiwa gizani aliingia majini na wenzake. Mama alisema watoto wa darasa lake walimwogopa zaidi kwa sababu alijua nani kati yao alilala ufukweni na nani alidanganya kwamba anaumwa.

Wapo walioondoka bila chaki wala wavu. Kodi ya kichwa ilidai fedha, na huku kulikuwa hakuna kazi ya fedha. Songea yote, Mbinga ikiwa ndani yake, ikawa kisima cha nguvukazi. Vijana walipelekwa mashamba ya mkonge ya Tanga kama manamba, hasa baada ya wenye mashamba kuunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944. Wa pwani ya ziwa wengine walivuka Nyasaland hadi migodi ya Afrika Kusini. Walirudi na mablanketi, baiskeli na masanduku ya bati. Lakini katani ya Tanga ilipopigwa na nyuzi za plastiki, bei ikaanguka, na ustadi wa kukata mkonge haukuwa na pa kutumika milimani. Walichouza kilikuwa nguvu za mikono yao, na soko lake lilikuwa mbali, mikononi mwa watu wasiowajua.

Kahawa ilitupa njia ya tatu. Iliingia Umatengo miaka ya 1920, na miaka ya 1930 kikaundwa chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, tumbaku ikitoka kwa Wangoni na kahawa kwetu. Miche ilipandwa karibu na nyumba, ngoro zikabaki mlimani kwa chakula. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na mwaka uliofuata kahawa ikawekwa chini ya Mamlaka ya Kahawa. Ushirika uliporudishwa miaka ya 1980 tukapata MBICU, Chama Kikuu cha Ushirika cha Mbinga, na mimi nikaajiriwa kuwa karani kwenye chama cha msingi.

Watu humkumbuka karani wa mizani kama mtu wa kuiba kilo. Wapo walioiba. Lakini kazi ilikuwa na ufundi wake. Mkulima anatua gunia la kahawa ya maganda. Unaingiza mkono katikati, maana iliyo juu siku zote ndiyo nzuri, unachota chache na kung'ata punje moja. Ikibonyea chini ya jino haijakauka, na ukiipokea itaota ukungu ghalani. Kisha mizani, kisha stakabadhi: nakala tatu, katikati karatasi za kaboni. Ukiigusa kalamu kilegevu, nakala ya tatu inatoka kivuli kitupu. Ubishi ukizuka wakati wa malipo ya pili, miezi kadhaa baadaye, nakala hiyo ndiyo inayotafutwa. Bei yenyewe ilikuwa ikipangwa mnadani Moshi, mwendo wa siku kadhaa kutoka kwetu. Mkulima aliyesimama mbele yangu hakujua kahawa yake ingeuzwa kiasi gani, na mimi pia sikujua. Alichokuwa nacho ni ile karatasi, na kuamini kwamba nilichokiandika ndicho nilichokiona.

Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawiana migao ya mauzo ya kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Mwaka 1993 sheria ikabadilishwa, wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Walikuja na fedha taslimu, bila malipo ya pili wala daftari refu. Katikati ya muongo huo MBICU ikaanguka, na pamoja nayo pembejeo za mkopo ambazo wakulima walizizoea. Kufikia mwaka 2001 bei ya dunia ilikuwa imefika pabaya zaidi. Baadhi ya watu wa milimani walishuka nyanda za miombo kufungua mashamba ya mahindi, wengine wakafuga nguruwe, wengine wakapanda miti. Waliokuwa wamepanua kahawa hadi kwenye ngoro zao walinunua unga. Sisi makarani tulitawanyika. Waliopata kazi kwa wanunuzi wapya hawakuwa wenye mwandiko mzuri. Walikuwa wale waliojua kahawa, kwamba ya Litembo ikoje na ya bondeni ikoje, na nani huchanganya mbivu na mbichi.

Hapo ndipo ninapokutana na mpwa wangu. Niliketi naye anionyeshe anachokifanya, na nilichokiona kwenye kompyuta yake mpakato hakikuwa kigeni. Fomu inamwuliza mtu jina, kiasi na tarehe, inakataa kilo zilizoandikwa kwa herufi, inatunza nakala mahali ambapo mwenye ubishi ataikuta. Huo ni ukarani. Miaka ya karibuni hata vyama vya msingi vya huku vimeingizwa kwenye MUVU, mfumo wa mtandaoni wa kusimamia vyama vya ushirika, na katibu wa AMCOS, kama vyama hivyo vya msingi vinavyoitwa sasa, anahangaika na bando kama nilivyohangaika na kaboni. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, Mkongo wa Taifa ukafuata kusambazwa mikoani, na kazi ya mashine iliyohitaji kibali mwaka 1974 leo inaweza kufanywa na msichana aliyekaa kibarazani Mbinga.

Ikiwa ni ukarani, basi historia yake tunayo. Karani huajiriwa pale mtu anapohitaji daftari la kuaminika, na huachwa mara soko linapobadilika. Mpwa wangu mwenyewe amenieleza kwamba tovuti nyepesi, ya duka au ya harusi, siku hizi akili bandia inaitengeneza dakika chache. Mwandiko mzuri, kwa hiyo, umeshuka bei tena. Kilichobaki na thamani ni kujua kinachopimwa.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na shemeji kwamba miaka miwili ya kilimo itakuwa imepotea. Miaka ya 1990 watafiti wa chuo hichohicho cha Sokoine, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikuja hapa Mbinga kuuliza bibi zetu kwa nini wanachimba mashimo. Walishirikiana na watu wa kijiji cha Kindimba hadi ikajengwa mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji ya mto, na kamati ya kuisimamia ikaitwa Sengu. Wasomi wale walikuja na vipimo vyao, lakini kwanza walikaa wakasikiliza. Anayetaka kuandika programu kwa ajili ya wakulima hana pa kuanzia pengine.

Wala sikubaliani na mpwa wangu anaposema kozi ya kilimo haina ajira na ya kompyuta inayo. Wahitimu wa kompyuta wasio na kazi nao ni wengi, na vyuo vinazidi kuwatoa. Tena kuhama kuna gharama. Yeye alisoma CBG, yaani kemia, biolojia na jiografia, na hesabu yake ya kidato cha sita ni ile ya msingi tu, BAM. Akihamia shahada ya kompyuta huenda akaanza mwaka wa kwanza upya, na mkopo wa Bodi ya Mikopo ulipangwa kwa miaka ya kozi aliyoanza nayo. Akipata sapu za hesabu, yaani mitihani ya marudio, au akidisko na kuondolewa chuoni, atarudi nyumbani bila hiki wala kile. Nimemwambia hayo bila kumung'unya.

Nikamwekea sharti moja. Msimu huu wa kahawa, Chuo kikiwa kimefungwa, akakae na katibu wa AMCOS yetu mezani, si kwa kutembelea. Apokee magunia, ang'ate punje, aandike, agombane na wakulima wanaosema mizani imewaonea. Jioni ajaribu kuitengenezea kazi hiyo programu, hata kama ni mbovu. Kama mwisho wa msimu kinachomkera ni vumbi na maneno ya watu, abaki kwenye kilimo au atafute kingine, kwa sababu kompyuta haitamwondolea hayo. Kama kinachomkera ni stakabadhi isiyosomeka, na akawa halali hadi ameirekebisha, basi ahame. Ngoro aendelee nazo likizoni, kama babu alivyoendelea na wavu.

Shemeji aliuliza nani atalipa ada ya mwaka utakaozidi. Nimesema nitalipa mimi, kwa kahawa ya msimu ujao, na bei yake hakuna kati yetu anayeijua.