Kanumba hakuhitaji VJ

Sisi vijana wakimbizi tunaokaa Jinja na Mbale tunajua kibanda. Filamu ni ya Wachina au ya Wahindi, na VJ anapiga Kiganda juu ya sauti mpaka mwisho. Ila siku wakiweka ya Kanumba, VJ ananyamaza. Wale wenye walikuwa kimya nyuma ndio wanaanza kuwatafsiria wengine.

Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga, Tanzania, tarehe 8 Januari 1984. Mwaka 2002 aliingia Kaole, kikundi cha Dar es Salaam kilichoigiza michezo ya televisheni ya ITV. Hapo watu wakaizoea sura yake. Miaka ile filamu za Nigeria zilikuwa zimejaa kila duka la CD. Yeye akazifuata hukohuko: mwaka 2006 ikatoka Dar to Lagos, ameigiza na Mercy Johnson. Baadaye akaigiza na Ramsey Nouah katika Devil Kingdom. Lakini kwa maoni yetu za mashetani si kitu mbele ya Uncle JJ na This Is It, zile za watoto. Mle anacheka kama mjomba wa kweli.

Sasa tuseme habari ya Kiingereza. Mwaka 2009 alialikwa kutembelea nyumba ya Big Brother Africa, akaongea Kiingereza cha kujikongoja, na Watanzania wenzake wakamcheka sana. Si mnajua? Wangapi kati yetu tumechekwa darasani mpaka tukaacha kunyoosha mkono? Yeye aliendelea kuigiza, akafungua na kampuni yake mwenyewe, na watu walewale waliomcheka wakaendelea kununua CD zake.

Alifariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, tarehe 7 Aprili 2012. Alikuwa na miaka 28, umri wa wengi kwenye kundi hili. Rais Kikwete alifika msibani, na watu waliojaa siku ya mazishi, yaani hata kuhesabika hawahesabiki. Kazi yote hiyo ni ya miaka kumi tu.

Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni. Siku hizi majirani wanatuuliza maneno. Tunataka tuwaonyeshe This Is It. Mwenye CD isiyokwaruzika, awe Jinja ama Mbale, atuambie.