Harufu Tuliyoachiwa na Watoto wa Texas

Juzi usiku jirani yangu alinigongea mlango kwa fujo. "Kaka, husikii harufu ya gesi?" Nilikuwa nimezama kwenye kompyuta, sikuwa nasikia kitu. Kumbe regyuleta ya mtungi wangu haikukaa sawasawa. Tukafunga, tukafungua madirisha, na hakuna aliyegusa swichi ya taa. Yakaisha salama, lakini nililala na swali: hivi nani aliamua kwamba gesi inuke?

Maana gesi yenyewe hainuki, jamani. Uvundo ule unatiwa makusudi. Na sheria mojawapo iliyoulazimisha ilizaliwa siku mbaya sana.

Turudi Texas Mashariki, Marekani, miaka ya 1930. Dunia nzima imebanwa na mdororo wa uchumi, lakini hapa mafuta yamegunduliwa mwaka 1930 na pesa inamwagika. Kijiji cha London, ambacho leo kinaitwa New London, kikajenga shule ya kifahari iliyogharimu kama dola milioni moja. Kwa hiyo msidhani nawasimulia habari ya walalahoi.

Shule ilihitaji joto wakati wa baridi. Mchoro wa awali ulitaka bwela moja la kupeleka mvuke kila chumba. Bodi ya shule ikaona hapana, ikafunga hita 72 za gesi. Yaani mabomba ya gesi yakatapakaa jengo zima, na kila kiungio kikawa mahali pengine pa kuvujia. Chini ya sakafu kulikuwa na uwazi mkubwa, na hewa yake haikuwa na njia nzuri ya kutokea.

Mwanzoni mwa 1937 bodi ikataka kubana matumizi zaidi. Ikavunja mkataba wa gesi, ikaagiza mafundi waunganishe bomba la shule na lile la mabaki ya gesi la kampuni jirani ya mafuta. Majirani wengi walikuwa wakifanya hivyohivyo, na wenye mabomba walifumba macho. Shule ikaokoa takriban dola 300 kwa mwezi.

Gesi ikavuja taratibu, ikajaa chini ya sakafu. Haikuwa na harufu. Wanafunzi walilalamika kuumwa kichwa, hakuna aliyeshtuka. Tarehe 18 Machi 1937, saa tisa na dakika kadhaa alasiri, mwalimu wa ufundi aliwasha mashine ya kupigia msasa. Cheche moja tu. Jengo likanyanyuka, likaanguka. Walikufa watu karibu 300, wengi wao watoto. Hakuna maafa ya shule yaliyoua wengi kuliko hayo katika historia ya Marekani. Mkuu wa shule za pale, aliyekuwa sehemu ya maamuzi yale, naye alimzika mwanawe.

Miongoni mwa waandishi waliofika usiku ule alikuwamo kijana wa miaka 20 wa shirika la United Press, Walter Cronkite. Baadaye alikuja kuripoti vita na akawa mtangazaji mkubwa wa televisheni, lakini New London hakuisahau maisha yake yote. Nikiwa ripota wa umri kama huo, namwelewa.

Kesi zilifunguliwa, hakuna aliyetiwa hatiani. Ila mwaka uleule Texas ilitunga sheria ya kutia gesi harufu, utaratibu ambao baadaye ulienea duniani. Ikatunga pia sheria ya kusajili wahandisi, ili asitokee mtu tu akajiita mhandisi.

Sasa basi, somo liko wapi? Ukimsikia mtu wa Njombe, Limuru au ndugu yako aliyeko Ulaya akipanga kufunga hita ya gesi, asianze na bei. Aanze na maswali matatu. Moto utapata wapi hewa? Moshi wake utatokea wapi? Na gesi ikivuja, itajikusanya wapi? Gesi asilia ni nyepesi, hupanda juu. Gesi ya mtungi ni nzito, hutambaa sakafuni, kwa hiyo tundu la juu peke yake halisaidii. Halafu kazi afanye fundi aliyesomea, na kila kiungio kipimwe kwa povu la sabuni kabla ya kuwasha.

Na tusijidanganye kwamba pua inatosha. Hita isiyopata hewa ya kutosha, sawa na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hutoa kaboni monoksidi. Hiyo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na haina harufu hata kidogo. Hakuna sheria iliyoitia uvundo, kwa sababu inazaliwa ndani ya moto wenyewe. Dawa yake ni dohani safi, hewa inayopita, na king'ora chake ukiweza kukinunua.

Kesho yake nilinunua regyuleta mpya. Bei yake ilinikera kidogo, nikakumbuka zile dola 300. Nikalipa.