Mashahidi Wawili: Sheria za Wapuritani na Hukumu za Salem

Twaambiwa mara nyingi kwamba Marekani ni nchi iliyotenga dini na dola tangu mwanzo wake. Wasemao hivyo huisahau miaka mia na hamsini iliyotangulia Katiba yao. Mwaka 1630 John Winthrop alivuka bahari pamoja na Waingereza waitwao Wapuritani, yaani waliotaka Kanisa la Uingereza litakaswe, wakaujenga mji wa Boston huko Massachusetts. Mwaka wa pili wake wakaamua kwamba asiyekuwa mshirika wa kanisa hana kura.

Watu hao hawakuwa wajinga. Sheria zao za mwaka 1641 zilitungwa na Nathaniel Ward, mchungaji aliyepata kuwa mwanasheria. Makosa 12 yalihukumiwa kifo, na karibu kila moja likaandikiwa aya yake ya Biblia, nyingi zikiwa za Taurati: kuabudu miungu mingine, uchawi, kuua, kuzini na mke wa mtu, na hata kutoa ushahidi wa uongo kwa kusudi la kumwua mwenzio. Lakini sheria hizo hizo zilimkataza mume kumpiga mkewe na zikakataza kumtesa mnyama. Na liko sharti ambalo si geni kwa msomaji wetu: mtu asiuawe ila kwa mashahidi wawili au watatu, au kwa ushahidi ulio sawa na huo.

Ukali wao ulijulikana. Mwaka 1659 waliweka faini ya shilingi 5 kwa mwenye kusherehekea Krismasi (ndiyo, Krismasi, nao ni Wakristo!), na mwaka 1660 wakamnyonga Mary Dyer kwa kuwa alikuwa wa madhehebu ya Quaker na alirudi Boston baada ya kufukuzwa.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1692. Katika kijiji cha Salem wasichana wachache walianza kuanguka na kupiga mayowe, wakidai kwamba wanabanwa na kuchomwa na watu ambao wengine hawakuwaona. Ikaundwa mahakama maalumu. Mahakimu wakaupa uzito ushahidi wa ajabu: kwamba umbo la mshtakiwa limemtokea msichana, ingawa mshtakiwa mwenyewe alikuwa amelala nyumbani kwake. Nani awezaye kuwa shahidi wa pili wa jambo aliloliona mmoja peke yake? Kwa maoni yetu, yaliyowaponza Salem si kushika sheria yao, bali ni kuilegeza walipoingiwa na hofu.

Rebecca Nurse alikuwa bibi wa miaka 71, mcha Mungu kwa ushuhuda wa majirani. Baraza la hukumu lilimwona hana hatia. Wasichana wakapiga kelele. Hakimu mkuu, William Stoughton, akawataka wazee wa baraza wayafikiri tena maneno fulani aliyoyatamka yule bibi. Walipomtaka ayaeleze hakujibu, kwani masikio yake yalikuwa mazito. Wakageuza hukumu, akanyongwa tarehe 19 Julai.

Lililo baya zaidi ni hili: aliyekiri kuwa mchawi na kushikilia kukiri kwake hakunyongwa. Waliokufa ni wale waliokataa kusema uongo. Mary Easty, nduguye Rebecca, aliwaandikia mahakimu kwamba haombei uhai wake, ila damu nyingine isiyo na hatia isimwagwe. Alinyongwa Septemba. Kwa jumla walinyongwa watu 19, na mzee Giles Corey, aliyekataa kujibu mashtaka, alikandamizwa kwa mawe mpaka akafa.

Mwezi wa Oktoba mchungaji Increase Mather aliandika kwamba ni afadhali washukiwa kumi waokoke kuliko kumhukumu mmoja asiye na kosa. Gavana William Phips akaivunja mahakama ile. Mahakama mpya ya Januari 1693 iliukataa ushahidi wa maumbo, na karibu wote waliosalia wakaachiliwa.

Mwaka 1697 hakimu Samuel Sewall alisimama kanisani Boston mbele ya watu huku waraka wake ukisomwa, akijitwika lawama na aibu. Stoughton alikufa mwaka 1701 bila ya kukiri kosa. Mwaka 1711 serikali ya koloni iliwalipa fidia baadhi ya jamaa za wahanga, na mwaka 1712 kanisa la Salem likafuta azimio lake la kumtenga Rebecca Nurse, miaka 20 baada ya kunyongwa.